Niacheni nikalione jua likipatwa

Mfanyakazi anapokaribia kustaafu humu nchini, washauri humzukia kutoka kila pembe. Yuko atakayemwambia anunue ploti kabla bei hazijapanda, yuko atakayemhimiza ajenge vyumba vya kupangisha, na hakosi shemeji mwenye habari za matatu inayouzwa kwa bei ya kutupa. Mimi nitatimiza umri wa miaka sitini Januari 2027, na baada ya zaidi ya miongo mitatu ya kushika chaki nimekwisha kuyasikia yote hayo. Swali lao ni moja: Mwalimu, pesa zako utazifanyia nini? Nilipowajibu kwamba akiba yangu ya miaka mingi itanipeleka Misri nikatazame giza la dakika sita, kimya kilichofuata kilikuwa kama cha matangani.

Nimeona vyema basi niieleze azma hii hadharani. Sifanyi hivyo ili kujitetea mbele ya jamaa zangu pekee. Jambo lenyewe linawahusu walimu na wanafunzi wa nchi hii pengine kuliko linavyonihusu mimi.

Jumatatu ya Agosti 2, 2027 jua litapatwa kikamilifu. Kivuli cha mwezi kitaanzia Bahari ya Atlantiki, kipite kusini mwa Uhispania na kaskazini mwa Moroko, Aljeria, Tunisia na Libya, kiikate nchi ya Misri, kivuke Bahari ya Shamu hadi Saudia na Yemen, kiiguse ncha ya kaskazini-mashariki mwa Somalia, kisha kipotelee katika Bahari Hindi. Karibu na mji wa Luxor, kando ya mto Nile, giza litadumu kwa dakika 6 na sekunde 23. Hakuna kupatwa kwingine kwa jua kutakakodumu muda mrefu kuliko huo hadi mwaka 2114. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo, akijaliwa kuufikia mwaka huo, atakuwa kikongwe wa zaidi ya miaka tisini.

Chanzo cha kiu yangu ni Jumamosi moja, Februari 16, 1980. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba katika shule ya msingi ya mashambani huko Taita, si mbali na mji wa Voi. Tulikuwa watahiniwa wa CPE mwaka huo, hivyo Jumamosi haikuwa siku ya mapumziko kwetu. Kwa majuma kadhaa habari zilikuwa zimeenea kwamba jua lingepatwa, na kwamba kivuli chenyewe kingepita juu ya vichwa vyetu. Wageni kutoka ng'ambo walikuwa wamewasili na darubini ndefu kama mizinga. Sisi wenyeji tulikuwa na hofu. Kulikuwa na waliosema kwamba mifugo ingeharibu mimba, wengine kwamba maji yaliyoachwa wazi yangekuwa sumu, na wote waliafikiana katika jambo moja: atakayethubutu kutoka nje angepofuka.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema, mwenye kuuchukua wajibu wake kwa uzito. Kabla ya saa nne alituingiza darasani, akayaziba madirisha kwa magunia, akafunga mlango kwa komeo, kisha akaweka kiti chake pale pale na kuuegemea. Tulikuwa zaidi ya watoto arubaini. Alituambia tuinamishe vichwa juu ya madawati, nasi tukainamisha.

Paa la darasa lile lilikuwa la mabati yasiyo na dari. Msumari mmoja ulikuwa umeng'oka na kuacha tundu, na kwa kuwa jua lilikuwa linakaribia utosini, mwale mwembamba ulishuka hadi kwenye sakafu ya udongo kando ya dawati letu. Kila siku doa lile la mwanga lilikuwapo, mviringo wa kadiri ya sarafu, na hakuna aliyelijali. Siku hiyo nilipolitupia jicho niliona limemegeka. Ubavu wake mmoja ulikuwa umeliwa, kama chapati iliyoonjwa na mtoto. Nikamgusa mwenzangu kwa kiwiko. Tukalitazama, vichwa vyetu vikiwa bado vimeinama kama tulivyoamriwa, likikonda hadi likawa mfano wa mwezi mwandamo, likawa uzi, kisha likatoweka.

Giza likatuingilia hata ndani ya giza tulilokuwamo. Ubaridi ulipenya chini ya mlango. Mabati yakaanza kualika, kama yafanyavyo jioni yanapopoa. Kanga waliokuwa wakilia kichakani walinyamaza wote kwa mara moja, mbwa wakabweka, na kutoka mbali, upande wa barabara, nikasikia watu wakipiga kelele ambazo hata leo siwezi kusema zilikuwa za hofu au za furaha. Mtoto mmoja alianza kulia. Mwalimu akatuanzishia wimbo, lakini sauti yake mwenyewe ilikuwa ikitetemeka. Hali ilikuwa hiyo kwa karibu dakika nne. Halafu uzi wa mwanga ukarudi sakafuni, safari hii upande wa pili wa doa, jogoo akawika, na mwalimu akafuta jasho.

Hivyo ndivyo tukio ambalo watu walisafiri kutoka mabara mengine ili kulishuhudia lilivyonipita nikiwa mita chache tu kutoka nalo.

Nilikuwa tayari chuoni, nikisomea ualimu wa fizikia, nilipofahamu kwamba tundu lile la msumari lilikuwa kamera, na kwamba doa lililokuwa sakafuni lilikuwa sura ya jua lenyewe. Kumbe nilikuwa nimeliona jua likipatwa, na kwa njia iliyo salama kuliko zote, bila mimi wala mwalimu wangu kujua. Tangu siku hiyo sijapata kuifundisha mada ya mwendo wa mwanga bila kulitaja paa lile. Mwalimu yeyote aliyefundisha kidato cha kwanza anaijua mada hiyo. Ilikuja mapema katika silabasi ya fizikia, na wenzetu wa jiografia nao waliigusa walipofundisha kuhusu dunia na mfumo wa jua. Tunachora jua, tunachora mwezi, tunachora dunia, tunapiga mistari kwa rula, kisha tunatia rangi nyeusi mahali pa kivuli. Mwenye bidii hutumia chungwa, mpira na tochi.

Takwimu zenyewe ni za kustaajabisha hata kwa mtu asiyependa hesabu. Kipenyo cha mwezi ni kilomita 3,474, ilhali cha jua ni takriban kilomita milioni 1.39, yaani jua ni kubwa kuliko mwezi mara mia nne hivi. Lakini jua nalo liko mbali nasi kuliko mwezi kwa takriban mara hizo hizo mia nne. Ndiyo maana kwa macho yetu viwili hivyo huonekana kuwa na ukubwa mmoja, na kimoja kikaweza kukifunika kingine barabara kama kifuniko na sufuria yake. Mwezi ukiwa mbali kidogo katika mzingo wake, kifuniko hakitoshi, na pembezoni hubaki pete ya moto.

Pete hiyo niliiona. Asubuhi ya Januari 15, 2010 jua lilipatwa kipete juu ya Kampala na Nairobi, nami nilikuwa nikifundisha katika shule moja viungani mwa jiji. Sikumfungia mtu. Tulitoboa makaratasi, tukaziegemeza kadi nyeupe ukutani, na chini ya mti wa ua tukaona mamia ya pete ndogo za mwanga zilizopenyezwa na mianya ya majani. Wanafunzi walishangilia. Hata hivyo giza halikuingia. Mwanga ulififia tu, mfano wa siku yenye moshi, na nyota hazikuonekana. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, ndiyo hiyo tu?" Nilimweleza kwamba jua likibakiza hata sehemu moja katika mia, sehemu hiyo inatosha kuuficha uwanda wote wa nyota, na kwamba tofauti ya asilimia 99 na asilimia 100 katika jambo hili si moja, ni usiku na mchana. Aliuliza tena: "Wewe umewahi kuiona hiyo mia?" Ilinibidi nikiri kwamba nilifungiwa.

Walimu wenzangu watakubaliana nami kwamba hakuna aibu inayodumu kama ile ya kufundisha jambo kwa ufasaha kwa miaka thelathini bila kulijua ila vitabuni. Tunafundisha juu ya theluji na volkano na meli za angani, na hakuna anayetulaumu, maana hatuna njia. Lakini hili lilikuja hadi mlangoni.

Nafasi nyingine ilijitokeza Novemba 3, 2013. Kivuli kilipita Gabon, Kongo na kaskazini mwa Uganda, kikafika ziwa Turkana jioni kabla ya kuzama Somalia. Giza lake lilikuwa la sekunde chache tu, halikufika hata nusu dakika, lakini lilikuwa giza kamili, tena katika ardhi ya Kenya. Sikwenda. Mtihani wa KCSE ulikuwa ukiendelea nami nilikuwa na zamu ya usimamizi, na safari ya kutoka Nairobi hadi mbuga ya Sibiloi si ya kwenda Jumamosi na kurudi Jumapili. Baadaye nilisoma kwamba waliokuwa wamepiga kambi huko walivamiwa na tufani ya mchanga dakika za mwisho, wengi wasione kitu, ilhali waliokwenda Pakwach nchini Uganda walifaulu. Nilijifariji kwa habari hiyo, na nikajionea haya kwa kujifariji hivyo.

Desemba mwaka huo nilianza kuweka kando shilingi elfu moja na mia tano kila mwezi katika chama chetu cha ushirika. Nilikuwa nimekwisha kuitazama orodha ya miaka ijayo na kuona kwamba kupatwa kukubwa kwa 2027 kungeniangukia mwaka ule ule wa kustaafu.

Kupatwa huko si mgeni kabisa kwetu. Wataalamu wa elimu ya anga wamejua tangu enzi za Babeli kwamba matukio haya hujirudia kwa mpangilio. Baada ya miaka 18, siku kumi au kumi na moja na takriban saa nane, jua, mwezi na dunia hurudi katika mpangilio unaokaribia kufanana na ule wa kwanza. Hizo saa nane za ziada huifanya dunia iwe imejizungusha thuluthi moja, hivyo kivuli huangukia sehemu nyingine ya ulimwengu. Lakini baada ya mizunguko mitatu, yaani miaka 54 na mwezi mmoja hivi, kivuli hurejea karibu na longitudo zile zile. Hesabu basi, msomaji: Mei 29, 1919, Juni 30, 1973, Agosti 2, 2027. Ni ukoo mmoja.

Wa 1919 ndio uliompeleka Mwingereza Arthur Eddington hadi kisiwa cha Principe, magharibi mwa Afrika, kupima kama mwanga wa nyota hupinda unapopita karibu na jua kama Einstein alivyodai. Mawingu yalimsumbua, lakini picha chache alizopata, pamoja na zile za wenzake waliokuwa Sobral nchini Brazil, zilitosha kumfanya Einstein ajulikane duniani kote kabla ya mwaka kwisha.

Wa 1973 ulipita jangwa la Sahara, ambako giza lilidumu zaidi ya dakika saba, kisha ukashuka hadi kaskazini mwa Kenya. Wanasayansi walipiga kambi Loiyangalani, kando ya ziwa lililokuwa likiitwa Rudolf kabla ya kupewa jina la Turkana mwaka 1975. Wengine hawakuridhika na dakika saba. Walipanda ndege ya Concorde iliyokuwa bado katika majaribio, wakakifukuza kivuli juu ya Sahara kwa kasi iliyozidi ya sauti, na wakakaa ndani yake kwa dakika 74. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka sita. Kwetu Taita jua lilifunikwa sehemu tu, na nyanya yangu alitufunika kwa blanketi nzito, mimi na binamu zangu wanne, hadi tulipokaribia kukosa pumzi. Ndiyo kusema kwamba nikienda Misri nitakuwa nakutana tena na ukoo ule ule niliofichwa nao utotoni.

Sasa nije kwenye mipango, maana safari haiendi kwa mashairi. Nimeipima njia nzima ya kivuli nikiwa na ramani na karatasi ya hesabu. Somalia ndiyo iliyo karibu nasi, lakini hali ya usalama katika ncha ile haimruhusu mzee kwenda kuzurura na kadi iliyotobolewa. Makka na Jeddah zote zimo ndani ya njia, na nina rafiki Mwislamu, mwalimu wa kemia, ambaye ananuia kwenda Umra wakati huo, ili aswali swala ya kusufu katika mji huo mtukufu. Yeye ndiye aliyenikumbusha kwamba siku alipofariki Ibrahimu, mwana wa Mtume Muhammad, jua lilipatwa, watu wakasema limehuzunika, na Mtume akawakanya kwamba jua halipatwi kwa ajili ya kifo cha mtu yeyote. Ningependa kila anayewatisha watoto kwa hadithi za sumu na mikosi aizingatie habari hiyo, awe wa dini ipi. Uhispania nayo ni ghali, na hata kama ingekuwa rahisi, giza la huko ni fupi.

Luxor ina sifa ambayo Turkana haikuwa nayo mwaka 2013. Mnamo Agosti mawingu huko ni nadra mno. Gharama ya anga hiyo safi ni joto linalofika nyuzi arubaini na kupita. Kutoka Nairobi nitaruka hadi Cairo, kisha nitapanda treni ya usiku kwenda kusini, safari ya kilomita mia sita na zaidi. Naomba mtu yeyote anayepanga safari kama yangu asidanganyike akabaki Cairo. Jiji hilo liko nje ya njia, na litakachoona ni kupatwa kwa sehemu tu, ingawa sehemu kubwa.

Nilipoandikia hoteli kadhaa za Luxor, zile zilizojibu zilinitajia bei ambazo sikuweza kuzisoma mara mbili. Makundi ya watalii kutoka Ulaya na Marekani yalikwisha kujiwekea nafasi miaka kadhaa mapema. Nikageukia Sohag na Qena, miji ya kawaida iliyo kwenye mto huo huo na ndani ya kivuli hicho hicho, ambako hakuna makaburi ya wafalme wa kuwavutia wageni wengi. Jua halibagui. Isitoshe, mto wenyewe ni wetu sote. Sehemu ya maji yatakayokuwa yakipita miguuni pangu ilitoka ziwa Victoria. Pasipoti ninayo, kilichobaki ni viza na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Mke wangu, ambaye huniita Mwalimu hata nyumbani, aliichukua kalamu yangu jioni moja akafanya hesabu yake mwenyewe. Kufikia Julai 2027 akiba ile itakaribia shilingi laki mbili na nusu. Aligawanya kwa dakika sita na ushei. "Mwalimu," akasema, "karibu elfu arubaini kwa dakika. Na dakika hizo utakuwa gizani." Sikuwa na jibu la haraka. Binti yetu wa mwisho yuko chuo kikuu, na hakuna muhula unaoanza bila mimi kujiuliza kama pesa zile elfu moja na mia tano za kila mwezi namwibia yeye. Wanaosema kwamba huu ni ubadhirifu si wajinga. Katika kijiji changu wapo wazee waliostaafu wakiwa na heshima zao, wakaishia kukopa nauli ya kwenda hospitalini.

Hatimaye tuliafikiana hivi. Kiinua mgongo changu hakitaguswa na safari hii hata senti. Kitajenga vyumba viwili na kulipa karo. Lakini sote tunajua kwamba malipo ya wastaafu hayafiki siku mtu anapoyahitaji. Wako wenzangu waliongoja miaka, wakibeba faili kutoka dirisha hili hadi lile. Kwa hivyo nimempa mke wangu ahadi: ikiwa ifikapo mwisho wa Mei 2027 pesa hizo zitakuwa bado hazijatoka, basi akiba ya jua italipa karo, nami nitabaki Taita nitazame jua likifunikwa sehemu, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Nilipoitoa ahadi hiyo nilikuwa na hakika nayo. Usiku sikulala vizuri.

Kuna walioniuliza kwa nini nisiitazame filamu tu, kwa kuwa siku hizi kila kitu kimo katika simu. Swali hilo hulikuta hata darasani. Jibu langu ni kwamba kamera haiwezi kuonyesha kile ambacho jicho huona, yaani taji jeupe la jua linalochanua pande zote za duara jeusi. Wataalamu huliita korona, neno zuri ambalo maradhi ya mwaka 2020 yaliliharibia jina. Taji hilo lipo kila siku, ila mng'ao wa jua huuzima mwanga wake, na ni katika dakika hizo tu ambapo binadamu anaweza kuliona kwa jicho tupu, bila kioo chochote. Kamera ikiupata mwanga wa ndani huunguza, ikiupata wa nje huupoteza wa ndani. Tena filamu haina ubaridi wa chini ya mlango.

Hapa ndipo ninapowageukia wenzangu watakaobaki. Siku hiyo hiyo ya Agosti 2, jua litapatwa kwa sehemu kote nchini Kenya, mchana kuelekea alasiri, na kadiri mtu anavyokwenda kaskazini-mashariki kuelekea Mandera ndivyo sehemu itakayofunikwa itakavyozidi. Iwe shule zitakuwa zimefungwa au la, watoto watakuwapo, na hofu itakuwapo. Yamkini ataibuka mkuu wa shule, tena mwema kama mwalimu wangu, atakayeamuru madirisha yafungwe. Nasema asifanye hivyo. Hatari ya macho ni ya kweli na haipaswi kudharauliwa: jua likiwa limebakiza hata kipande, kulitazama moja kwa moja huweza kuunguza sehemu ya nyuma ya jicho bila maumivu yoyote, na madhara hayo huenda yasipone. Kioo kilichopakwa masizi hakifai. Picha za eksirei hazifai. Miwani ya kawaida ya jua haifai, na karai la maji, ambalo mama zetu walilitumia, nalo halifai. Inayofaa ni miwani maalum ya kutazamia jua iliyotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2, na shule nyingi hazitaimudu.

Lakini msumari haumshindi mtu. Chukua sanduku la katoni, toboa tundu dogo upande mmoja, gundisha karatasi nyeupe upande wa pili kwa ndani, kata dirisha la kuchungulia ubavuni, kisha ulipe jua mgongo. Mtoto wa darasa la nne anaweza kulitengeneza kwa nusu saa. Asiye na sanduku achukue chungio la jikoni, aliinue juu ya sakafu, na kila tundu litamchorea jua lililomegwa. Katika mtaala huu mpya unaosifiwa kwa kumtaka mwanafunzi atende badala ya kukariri, sijui ni zoezi gani jingine litakalopatikana bure kutoka mbinguni kwa nchi nzima kwa wakati mmoja.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mwalimu wangu wa darasa la saba. Ana zaidi ya miaka themanini na macho yamefifia, lakini alinitambua kwa sauti. Nilimweleza habari za tundu la msumari, ambazo sikuwahi kumwambia kwa miaka hiyo yote. Alicheka hadi akakohoa. Kisha nikamwuliza jambo lililokuwa likinisumbua: kwa nini yeye, mtu mzima, hakutoka nje angalau kwa dakika moja?

"Mwanangu," akasema, "kama ningefungua mlango, mngetoka wote. Nami niliambiwa mtapofuka. Nilikuwa na watoto wa watu arubaini na watatu."

"Basi nawe hukuiona."

"Nilikuwa nimeuegemea mlango. Niliona magunia."

Tulinyamaza kidogo. Aliniuliza siku hiyo ya Agosti jua litapatwa saa ngapi huku kwetu, nikamwambia baada ya adhuhuri, na kwamba litakuwa limeegemea magharibi. Akauliza kama lile darasa bado lipo. Nilimwambia lipo, ila paa lilibadilishwa zamani, yakawekwa mabati mapya na dari ya mbao. Alitikisa kichwa. Akamwita mjukuu wake aliyekuwa uani, msichana wa gredi ya tano, akamwambia alete sanduku la viatu na msumari, akaniamuru nimfundishe mtoto huyo pale pale, angali akisikiliza.